Rubani Yupo, Ila Hamkumtafuta

SWALI: Msomaji wa Tanga anaandika: "Mwanangu yuko darasa la sita. Katika insha yake ameandika: 'Mwaka 1970 chombo kisicho na rubani cha Warusi kilitua juu ya mwezi na kutembea huko kwa miezi kumi.' Mwalimu amekata 'juu ya mwezi' kwa wino mwekundu, akaandika 'mwezini'. Shangazi yake hataki kulisikia neno hilo. Anasema 'mwezini' ni mambo ya wanawake, mtoto asilitie kwenye insha. Tumfuate nani?"

JIBU: Mfuateni mwalimu. Kitenzi "kutua" kinataka mahali pa kufikia, na mahali kwa Kiswahili tunapajenga kwa -ni: ndege hutua uwanjani, kunguru hutua mtini, chombo hutua mwezini. "Juu ya mwezi" kuna utata. Julai 1969 Michael Collins alikuwa juu ya mwezi, akizunguka peke yake katika chombo kikuu cha Apollo 11, huku Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa chini vumbini. Collins hakutua. Kiambishi kidogo cha -ni kinatuondolea mashaka hayo yote.

Shangazi naye ana haki ya kusikilizwa. "Kuingia mwezini" na "kuwa mwezini" ni maneno ya staha aliyolelewa nayo, na ni Kiswahili safi. Lakini neno moja likibeba maana mbili, jirani zake katika sentensi ndio wanaoamua. Palipo na chombo na kutua, hakuna msikilizaji atakayewaza hedhi. Mwambieni shangazi kwa heshima kwamba lugha imeshamlindia staha yake.

Hapo swali limekwisha. Kinachoniudhi ni kwamba kalamu nyekundu ilipita juu ya maneno mengine matatu bila kusita, nayo ndiyo yanayoipotosha sentensi nzima: "kisicho na rubani".

Simlaumu mtoto. Ameyasoma magazetini na kuyasikia redioni tangu apate akili. Kila chombo kinachokwenda mwezini bila mtu ndani, kiwe cha China, cha India au cha Japani, kwa watangazaji wetu ni "chombo kisicho na rubani". Yamekuwa maneno ya kuongezea urefu wa habari, mtu anayaandika huku akiwaza jambo lingine. Sarufi yake haina dosari: kisicho, na, rubani, kila kimoja kimekaa mahali pake. Ila hayasemi kweli.

Turudi kwa chombo cha mwanafunzi wetu. Kinaitwa Lunokhod 1, jina ambalo kwa Kirusi lina maana ya mtembea mwezini. Ni kigari cha magurudumu manane, chenye uzito wa kilo 750 na ushei, kilichoshushwa na chombo cha Luna 17 tarehe 17 Novemba 1970 kwenye tambarare ya Mare Imbrium. Kilitembea zaidi ya kilomita 10 kabla mawasiliano hayajakatika Septemba 1971. Je, kilitembea chenyewe? Hata kidogo. Karibu na Simferopol, katika rasi ya Crimea, walikaa watu watano mbele ya mitambo yao: kamanda, dereva, mwelekezi wa njia, mhandisi, na mtu wa antena. Vilikuwepo vikundi viwili vya namna hiyo, vikipokezana zamu. Dereva alikuwa na usukani wake mkononi, yaani kijiti cha kuelekezea, na macho kwenye skrini.

Na kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko ya rubani yeyote tunayempigia makofi uwanja wa ndege. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000 kutoka hapa. Amri ya redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika na jibu huchukua kiasi hicho hicho kurudi. Juu ya hapo, kamera za kigari hazikutuma filamu inayotiririka. Zilituma picha moja moja, kila moja ikichukua sekunde kadhaa. Kwa hiyo dereva hakuwa akiona mahali kigari kilipo. Alikuwa akiona mahali kilipokuwa. Shimo likitokea mbele, kigari kingeweza kuwa kimeshalifikia kabla picha yake haijafika Crimea. Watu wale waliendesha hivyo mwezi baada ya mwezi, wakisimama usiku wa mwezini, ambao ni majuma mawili ya giza na baridi kali, kigari kikiwa kimefunikwa mfuniko wake kusubiri jua.

Waandishi wetu wanawafuta watu hao kwa maneno matatu. Wanasema hawakuwepo.

Mnataka ushahidi mwingine? Lunokhod 2 ilifika Januari 1973 na kwenda takriban kilomita 39, safari ambayo hakuna kigari kingine kilichotembea nje ya dunia yetu kilichoipita mpaka miongo minne baadaye. Mei mwaka huo huo mfuniko wake uligusa ukingo wa shimo ukachota vumbi, na vumbi hilo likaishia kwenye sehemu ya kupozea joto. Kigari kikapata joto kupita kiasi, kikanyamaza. Mwenye kuandika "kisicho na rubani" atueleze nani alikipeleka pale shimoni. Walikuwa watu, waliokesha wakihangaika kukitoa.

Neno "rubani" lilitufikia kutoka Kiarabu pamoja na mambo ya bahari. Kabla ya kupanda ndege lilikuwa la mjuzi wa njia ya maji, yule anayefahamu mwamba uko wapi na mkondo unavuta vipi, na mpaka leo bandarini ni mtu wa kuongoza meli kuingia gatini. Kwa hiyo jina linatokana na kazi ya kuongoza. Halikutokana na kiti. Hata Wamarekani walipogawa vyeo vyao ndani ya Apollo 11, Aldrin ndiye aliyeitwa rubani wa chombo cha kutulia, lakini aliyeshika usukani katika dakika za mwisho ni Armstrong, kamanda. Kompyuta ilikuwa inawapeleka kwenye eneo la mawe makubwa. Armstrong akakichukua chombo mkononi, akakivusha mbele, huku Aldrin akimsomea tarakimu. Mwenye cheo cha urubani hakuwa anarusha. Basi kama kuwemo chomboni na kuwa na cheo havitoshi kumfanya mtu rubani, kukosekana kwa kiti ndani ya chombo kutatoshaje kumfuta?

Najua nitajibiwa: mbona tunasema "ndege isiyo na rubani"? Tunasema, na siku hizi sina nguvu ya kupigana na hilo. Maneno yale yamekwisha kuota mizizi, na angalau yana sababu: ndege tumezoea kuiona na rubani, kwa hiyo asipokuwemo panastahili kutajwa. Kumtaja mtu kwa kutokuwepo kwake kunaingia akilini pale tu alipotarajiwa kuwepo. Chombo cha Wamarekani cha Orion kilichozunguka mwezi Novemba 2022 katika safari ya Artemis I kilijengwa kwa ajili ya watu, kikaenda bila watu ili kijaribiwe. Hapo andika "bila wanaanga", nami nitakuunga mkono. Lakini kigari cha magurudumu manane hakikuwahi kuwa na nafasi ya mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, Lunokhod 1 ikiwa bado kazini, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Sijaona mtu akiiita "setilaiti isiyo na rubani". Kwa nini kigari kionewe?

Ubaya mwingine ni kwamba maneno haya yanatupa vitu vya kila namna katika gunia moja. Ndani yake imo Luna 9, iliyotua salama kabla ya chombo kingine chochote, tarehe 3 Februari 1966, ikakaa pale pale ilipoangukia na kutuma picha. Imo Luna 16, iliyochimba udongo Septemba 1970 na kuurudisha duniani, gramu 101, kwa mitambo tu. Imo Vikram ya safari ya India ya Chandrayaan-3, iliyotua Agosti 23, 2023 kwa hesabu zake yenyewe, wahandisi wa Bengaluru wakitazama. Imo hata Zond 5, iliyouzunguka mwezi Septemba 1968 ikiwa na kobe ndani, kisha ikaangukia katika Bahari yetu ya Hindi. Kuna kilichosimama, kuna kilichoendeshwa kutoka mbali, kuna kilichojiongoza, na kuna kilichobeba abiria wenye magamba. Msomaji anayetaka kujua mashine ilifanya nini anaambiwa nani hakuwemo.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Chombo kikijiamulia njia, sema "kinachojiongoza". Kikiongozwa na watu walio mbali, sema "kinachoongozwa kutoka duniani". Kikiwa na watu, "chenye wanaanga". Na mara nyingi "chombo" peke yake kinatosha, kwa sababu tangu Desemba 1972, Apollo 17 ilipoondoka, hakuna mguu wa binadamu uliokanyaga kule kwa zaidi ya nusu karne. Mashine zote zilizotua katika miaka hiyo zilitua bila mtu ndani, na msomaji analijua hilo bila kukumbushwa kila asubuhi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, mwalimu amepata kwenye "mwezini" na amekosa kwenye "rubani". Mwanao aandike hivi, na "Kisovieti" ikae mahali pa "Warusi" kwa kuwa nchi iliyokituma ni Muungano wa Kisovieti: "Mwaka 1970 kigari cha Kisovieti kilitua mwezini, na madereva waliokuwa Crimea wakakiendesha kwa takriban miezi kumi."