Pedali ya breki inazama, muuzaji anakataa dhamana

Ndugu, nimekuelewa: ukikanyaga breki na kushikilia, pedali inazama polepole hadi sakafuni, gari bado lina dhamana, na muuzaji anadai ni uchakavu wa kawaida. Tafadhali usiliendeshe tena. Livutwe, hata kama gharama inauma.

Ikiwa mafuta ya breki hayavuji nje, dalili hiyo mara nyingi hutokana na mipira ya ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali) kupitisha mafuta. Pedi huisha kwa matumizi, na dhamana nyingi huziacha nje. Masta silinda haimo katika kundi hilo, na hapo ndipo penye nguvu ya hoja yako. Mwombe fundi asiye na uhusiano na muuzaji alikague na kukuandikia ripoti yenye tarehe, kilomita na saini, lakini asifungue kifaa chochote, maana atampa muuzaji kisingizio. Kisha dai kwa barua, ukitaka wakikataa wataje kifungu cha dhamana wanachokitegemea, na nakala umpelekee mtengenezaji. Mwulize pia, kwa namba ya chasisi, kama gari lako limeitwa kwa marekebisho ya usalama, ambayo kwa kawaida hufanywa bure. Wakishikilia msimamo, mwone mwanasheria kabla dhamana haijaisha.