Anayekwambia imani ya dada yako haikuhusu hajawahi kuendesha msiba

Mkuu mleta mada, nimekusoma mwanzo mpaka mwisho. Unasema dada yako mkubwa, wa tumbo moja, ameapa kutokanyaga kwenye harusi yako kwa sababu unaoa binti wa Kiislamu, amewakataza na wadogo zenu kuchangia, na kila ukilalamika unajibiwa kwamba imani ya mtu ni yake na Mungu wake, wewe haikuhusu. Imani ya mtu ni yake, sawa. Ila ikifika mahali inaamua nani ale nini kwenye msiba wa mama yenu, inakuhusu sana tu.

Mimi ni mtu wa Mwanza, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Ukoo wetu ni mchanganyiko kama koo nyingi za huku: baba Mkatoliki, baba mdogo Mwislamu, bibi alikufa na dini ileile aliyoikuta kwa wazazi wake. Krismasi baba mdogo anakuja na kisu chake anachinja, Idi tunahamia kwake kuanzia asubuhi. Siku zote mchinjaji alikuwa yeye, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Waislamu wametutawala. Akichinja yeye, kila mtu anakula. Basi.

Wenye kumbukumbu mnajua hali ilivyobadilika Kanda ya Ziwa, hasa mwaka 2013. Baadhi ya makanisa yalianza kufundisha kwamba Mkristo asile nyama iliyochinjwa na Mwislamu, zikafunguliwa bucha za Wakristo, na upande wa pili wakapatikana wa kujibu kwa nguvu. Februari mwaka huo, kule Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa kwenye vurugu zilizoanzia kwenye suala hilo la kuchinja. Viongozi wakazunguka, vikao vikakaa, wakasisitiza utaratibu wa zamani wa Mwislamu kuchinja uendelee kwa nyama inayouzwa kwa watu wote. Mitaani kukatulia. Ndani ya nyumba zetu ndiko kulikobaki na moto.

Kaka yangu alikuwa Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi. Akahamia kwenye huduma ya nabii mmoja hapa mjini, na jambo la kwanza ikawa kuacha kula kwa baba mdogo. Hapo sina ugomvi naye. Jirani yetu ni Msabato, hali kambale kwa kuwa hana magamba, na miaka yote tukipika kambale tunamtengea sato wake bila mtu kukunja uso. Anayejinyima mwenyewe hanisumbui. Kaka alivuka hapo. Idi moja aliwakuta wanawe wanakula pilau kwa babu yao mdogo, akawanyang'anya sahani mbele ya wageni.

Mzee hakusema kitu. Aliyejibu ni mtoto wake, binamu yangu, ambaye naye alikuwa ameshapata walimu wake wapya, wale wanaomwona hata shehe wa mtaa kuwa amelegea. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna chakula cha nyumba ya kafiri kitakachoingia kinywani mwake, hata wali mtupu, hata maji. Na baba yake akiendelea kuja kutuchinjia, basi na yeye ajihesabu kafiri. Watu wawili wasiokubaliana kwa lolote chini ya jua wakawa wamekubaliana kwamba sisi wengine wote tusile pamoja.

Halafu mama akafariki.

Kikao cha kwanza cha familia kilikuwa cha kupanga jeneza, turubai na gari la kupeleka mwili Magu. Muda karibu wote ukaishia kwenye swali la nani achinje ng'ombe. Kaka anasema akichinja baba mdogo, yeye na waumini wenzake hawagusi kitu. Binamu anasema akichinja mtu mwingine, Waislamu watakaa jamvini lakini hawatakula vibudu, na aibu itakuwa yetu. Mjomba mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri tupike masufuria mawili.

Aliyewahi kushika daftari la msiba anajua masufuria mawili maana yake nini. Si suala la kuni na wapishi tu. Ni foleni mbili. Jirani aliyekuja kulia na wewe, akishika sahani, inabidi ajitangaze mbele ya mtaa mzima yeye ni wa upande gani. Nina dada wa ukoo, Mkristo, ameolewa na Mwislamu na watoto wanafuata kwa baba yao. Yeye asimame wapi? Na wanawe wasimame wapi, wakati marehemu ni bibi yao?

Nilikataa. Asubuhi nikaenda Mwaloni nikachukua samaki. Samaki hachinjwi: kwa Mwislamu ni halali hata akitoka ziwani ameshakufa, kwa mlokole hakuna dua ya dini nyingine iliyosomwa juu yake, na sato na sangara wana magamba, kwa hiyo hata jirani yetu Msabato alikula. Usiku tukapika dagaa na ugali. Foleni ilikuwa moja. Kaka na binamu walikula sufuria moja bila kutazamana.

Najua wapo watakaosema basi hongera, umetatua. Hapana. Samaki wa kulisha msiba wa siku tatu walitugharimu kuliko ng'ombe, na mama alikuwa na ng'ombe wake, amewafuga mwenyewe. Wazee wa ukoo walinuna mpaka leo: mtu mzima kama yule, mwenye zizi, anazikwa bila ng'ombe kuanguka? Walikuwa na haki. Watu wawili wenye msimamo wao walimnyang'anya mama heshima ambayo kila mtu mwingine pale alitaka kumpa, na wala haikuwa nia yao, walikuwa wanagombana wao kwa wao. Ndiyo maana nakwambia inakuhusu.

Pesa nitaisema haraka kwa sababu bado inaniuma. Biashara tulikuwa nayo wawili. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, kwa hiyo giza likianza ndipo unatakiwa kuwa na fedha mkononi kuwahi mzigo wa Ukerewe na Kome. Giza limeanza, naenda kwa kaka kuchukua fungu lake, naambiwa amelipanda kama mbegu madhabahuni na Bwana atatufungulia. Nikatenganisha biashara wiki ileile. Yeye anaamini ndiyo sababu mbegu haikuota.

Msinielewe vibaya kwamba tatizo ni watu kuamini mno. Mwaka 2011 nusu ya mtaa wetu ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyegawa dawa ya mitishamba, kwa shilingi 500. Walokuwamo ni Waislamu, Wakatoliki, walokole na wasiokuwa na chochote, wote foleni moja, kikombe kimoja. Madhara yalikuwepo, wapo walioacha dawa za hospitali wakaumia. Lakini sikumbuki ndugu waliorudi kule hawasalimiani.

Sasa turudi kwako. Kubishana aya na dada yako usijaribu. Hayo ndiyo anayofundishwa kila wiki, na kila ukimshinda hoja moja anapewa tatu mpya. Kadi mpelekee kwa mkono wako, mtajie tarehe na ukumbi, mchango usimwombe, ondoka. Wadogo zenu wakitaka kuchangia wapokee kimyakimya, wala majina yao usiyaweke kwenye orodha inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Wao wanaishi na dada, wewe unahama.

Kuhusu ndoa yenyewe, wapo walioshauri hapo juu kwamba mmoja wenu abadili dini kwa siku moja ili mambo yaishe. Nimeona ndoa za namna hiyo. Ugomvi haukwepwi, unasogezwa mbele mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na jina litafutwe, na hapo mnakuwa na wakwe wawili badala ya dada mmoja. Kama hakuna kati yenu anayebadili kwa moyo wake, ipo ndoa ya bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu, na kwenye ndoa ya kiserikali tofauti ya dini yenu si kizuizi. Mnatoa taarifa ya kusudio la kufunga ndoa angalau siku 21 kabla, inatangazwa, na mwenye pingamizi analeta. Pingamizi linatakiwa liwe la kisheria, mfano umri, undugu wa damu au ndoa nyingine iliyopo. Kwamba dada ameoteshwa ndoto halimo. Mwambie mchumba wako hili mapema, maana katika siku hizo simu zitapigwa nyingi, za kwenu na za kwao, na asije akadhani tangazo likibandikwa mtu yeyote anaweza kulichana.

Chakula cha harusi: ng'ombe na kuku wachinjwe na Mwislamu, upande wa bibi harusi wale kwa amani. Wa kwenu watakaogoma wawekeeni samaki, lakini kwenye meza ileile, msiwatengee kona. Kama ukumbi ni hapa Mwanza, agiza siku mbili kabla kwa mtu unayemfahamu na ufike alfajiri mwenyewe, kwa sababu sato wakubwa mahoteli wanawawahi kabla jua halijachomoza, na ukichelewa utauziwa sangara wa barafu kwa bei ya sato.