Pima mgongo kabla ya kununua begi la mlimani

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji wa Njombe. Ameniruhusu niweke ujumbe wake hapa: "Kamwene dada. Mimi ni mfupi, nina kilo 52. Nataka kwenda hifadhi ya Kitulo na wenzangu wa kazini, tutalala huko. Kaka anayetuandalia safari anasema begi kubwa sitaliweza, nitawachelewesha, bora nibaki au nilipe mtu wa kunibebea. Ni kweli?"

Niliusoma nikiwa kwenye bajaji natoka Kabwe, hasira zikanipanda mpaka dereva akaniuliza kama kuna msiba. Hakuna msiba. Ni kwamba maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, na hilo la "kuwachelewesha" likiwemo.

Mdogo wangu, si kweli. Nitakueleza la kufanya, lakini kwanza sikiliza yaliyonikuta.

Sisi tuliokulia Mbeya Mlima Rungwe tunauzoea kwa macho tu. Unapita Isongole kwenda Tukuyu kusalimia ndugu, unauona umejifunika ukungu, unaendelea na mazungumzo yako. Safari yangu ya kwanza ya kulala nje ilikuwa huko, na kikundi kilichotupeleka kilikuwa kinakodisha vifaa. Mabegi yote yalikuwa ya saizi moja, makubwa, ya lita 70, yale yanayoachwa na wageni wakimaliza safari zao. Nikapewa langu, likajazwa, nikabebeshwa kama wengine.

Mkanda wa kiunoni ulinifikia kwenye makalio. Nikiukaza unateleza, nikiulegeza unaning'inia hauna kazi. Juu nako, mikanda ya mabegani ilikuwa imeacha uwazi nyuma ya bega, ngumi inapita bila kugusa. Maana yake mzigo mzima ulikuwa unaning'inia kwenye vipande viwili vyembamba, ukinivuta kwenda nyuma. Mchele wa kikundi walikuwa wameutia chini kabisa. Sufuria waliifunga nje kwa kamba, ikawa inanigonga mgongoni kila hatua, ngo, ngo, ngo. Kabla hatujamaliza msitu wa mianzi vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, nikawa navichua kwa mkono wa kulia huku natembea.

Kiongozi akasimama, akaniangalia, akacheka. Akasema mbele ya watu wote: "Ndiyo maana sipendi kuchukua wanawake." Begi likavuliwa, akapewa kijana mmoja mrefu wa kutoka Iringa. Akalivaa, akakaza mkanda, akaondoka anapiga mluzi. Kila mtu akaona ushahidi umetimia.

Nilifika kileleni, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Lakini kwenye picha ya pamoja mimi ndiye pekee sina begi, na picha hiyo ilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na maneno ya utani ambayo sitayarudia. Sikurudi mlimani kwa muda mrefu sana. Watu wakiniuliza nasema kazi zimenibana. Kumbe nilikuwa nimeamini kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa mambo hayo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kile kicheko.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu pale Uyole, mstaafu wa jeshi, ambaye alitembea na shanta mgongoni ujana wake wote. Nilimsimulia kwa utani tukisubiri chai. Hakucheka. Akamtuma mjukuu kwa mama fundi akaazime futi kamba, akamwelekeza mke mwenzangu wa utani, yaani mkewe, anipime. Sentimita 41. Akasema begi nililobebeshwa bila shaka lilikuwa la mgongo wa 50 na kitu. Yule kijana wa Iringa hakunizidi nguvu kiasi hicho, alinizidi mgongo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Inamisha kichwa, pitisha kidole shingoni kushuka, utakutana na kifupa kilichojitokeza pale shingo inapoungana na mabega. Hapo ndipo unapoanzia. Kisha shika kiuno kama mama aliyeudhika, dole gumba nyuma, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga. Chora mstari wa kufikirika kati ya madole gumba hayo mawili. Mwenzako apime kwa futi kamba kutoka kwenye kile kifupa, afuate mgongo ulivyopinda mpaka kwenye mstari. Namba utakayopata ndiyo saizi yako. Urefu wako wa kusimama hauhusiki: kuna warefu wenye miguu mirefu na mgongo mfupi, na kuna wafupi ambao ni kinyume chake. Lita nazo hazihusiki, zinaeleza tu begi linameza vitu kiasi gani. Begi la lita 50 linaweza kuwa la mgongo mfupi au mrefu.

Sababu ya kusumbuka na sentimita ni kwamba mzigo unatakiwa ukae kwenye nyonga. Mabega kazi yake ni kulizuia begi lisianguke nyuma. Pale juu ya bega, chini ya mtulinga, inapita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Ukiibana kwa saa kadhaa na kilo kumi na tano, vidole vinakufa ganzi, hata uwe bondia. Mama zetu wa Tukuyu wanalijua hili tangu zamani: mkungu wa ndizi hauwekwi kichwani hivihivi, inatangulia kata, ule mviringo wa nguo au majani, uzito unashuka wima kwenye uti wa mgongo mpaka miguuni. Mkanda wa kiunoni ndiyo kata ya begi. Ukikaa mahali pasipo pake, umebeba kwa shingo.

Wenzetu wa Marekani nao walichelewa kuling'amua. Dick Kelty, fundi wa California aliyeanza kuuza mabegi ya fremu ya alumini mwaka 1952, husimuliwa kwamba alichomeka ncha za fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali yake akiwa safarini, akashangaa mabega yamepata nafuu ghafla. Mkanda wa nyonga ukawa sehemu ya mabegi yake. Kabla ya hapo watu wazima wenye misuli walikuwa wanaumia mabega na kuona ndiyo hali ya mlimani ilivyo.

Sasa kulinunua. Duka la vifaa vya mlimani la kwenda kupimwa na mhudumu, huku kwetu usilitegemee. Tunakwenda mitumbani. Langu nililipata soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa shilingi 45,000, na lilikuwa bora kuliko lile la kukodi kwa mbali, ila nililichunguza mpaka muuzaji akachoka. Ingiza mkono ndani upapase kitambaa. Mabegi ya zamani yana utando wa kuzuia maji upande wa ndani, na ukizeeka unaanza kunata kisha unabanduka vipande vyeupe. Ukikuta hivyo, liache, hata kama nje linang'aa. Vuta mikanda ya mabegani kwa nguvu pale iliposhonewa. Funga na kufungua zipu zote. Minya mkanda wa kiunoni: ukiwa na sponji ngumu ni mzuri, ukiwa ni utepe mtupu hilo ni begi la shule lililokua. Na tafuta yale ambayo mikanda ya mabegani inaweza kupandishwa na kushushwa mgongoni. Hayo ukiyapata usibishane sana bei.

Langu lilikosa mkanda wa kifuani. Nililipeleka kwa fundi wangu wa Sokomatola, akachomoa kipande kwenye begi bovu la mtoto wa shule, akakishona kwa uzi wa viatu, mishono miwili miwili. Kipo mpaka leo.

Usilijaribu likiwa tupu. Begi tupu linamkaa kila mtu, ndiyo maana muuzaji anasema "dada, hilo lako kabisa." Omba utie mzigo, hata marundo ya suruali zake. Nyumbani weka unga kilo tano na dumu la maji la lita tano, tembea nalo mtaani saa nzima. Majirani wataongea. Waache.

Kulivaa nako kuna utaratibu. Legeza kila kitu kwanza. Anza na mkanda wa kiunoni, katikati yake ikae juu ya mifupa ya nyonga, kaza. Kisha mabegani, mpaka mikanda iguse bega bila kuacha uwazi na bila kukandamiza. Kisha vile vijikanda vidogo vya juu ya bega vinavyolivuta begi likusogelee. Kifuani mwisho, kaza kidogo tu, pumzi ipite. Watu wengi wanaanza na mabega, wanamaliza na mabega, halafu wanasema mlima mgumu.

Kupanga: nguo na begi la kulalia chini, vyakula na maji katikati yakiugusa mgongo, vyepesi nje, koti la mvua juu kabisa. Sufuria iingie ndani. Hapo nina ubishi wa kudumu na watu wanaoning'iniza vitu, na sitaki kuutatua.

Mvua ni sura yake peke yake. Maua ya Kitulo, ile Bustani ya Mungu iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, yanachanua wakati wa masika, kwa hiyo anayefuata maua amefuata mvua. Kifuniko cha begi kinazuia ya juu, lakini maji yanapitia mgongoni na kuingia. Dawa ni mfuko ndani ya begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa laini mno. Mimi natumia nailoni ya ndani ya yale magunia ya kuhifadhia mahindi yasiingiliwe na wadudu. Haipitishi maji wala hewa, na kila mkulima wa Mbeya anayo nyumbani. Kule Kitulo ni kama mita 2,600, na usiku nguo kavu ni uhai.

Uzito je? Watembeaji wengi hufuata kanuni kwamba mzigo wa kulala nje usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Wewe wa kilo 52 ni kama kilo kumi. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi unapimwa kwenye mizani na kikomo ni kilo 20, na hao ni watu wa kazi hiyo. Kwa hiyo kaka anayejisifu kabeba 25 kwenda kupiga picha za maua, mwache na mgongo wake.

Mwezi uliopita tulitoka Kitulo tukashuka kwa miguu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanawake peke yetu, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Ziwa hilo halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni mteremko wa zaidi ya mita elfu mbili, na mteremko ndio unaotoa hukumu. Begi lililolegea kiunoni linakusukuma mbele kila unapokanyaga, magoti yanalipa. Kila kituo tulikuwa tunakazana mikanda, dada huyu anamkazia yule. Nilibeba la kwangu mwanzo mpaka mchangani. Kama yule kiongozi anasoma hapa, ajue hilo.

Na nyie mnaoongoza vikundi, acheni kuwapima watu kwa macho. Unamkodisha binti kitu cha mwanaume wa futi sita, unapokea hela yake, halafu anapoumia unamgeuza mfano wa udhaifu. Nunua futi kamba. Weka mabegi mawili madogo stoo kwako. Na nyie dada zangu, msikubali jibu la kwanza mnalopewa na mtu anayewakodishia kitu. Uliza saizi ya mgongo. Akikuangalia kama umeongea Kichina, tafuta kikundi kingine. Tumeambiwa vya kutosha kwamba hatuwezi na watu ambao hawajawahi hata kutupima.

Wewe wa Njombe: ukipata nafasi ya kuja Mbeya kabla ya safari yenu, nenda Mwanjelwa asubuhi mabelo yanapofunguliwa, na futi kamba mfukoni. Usimwambie muuzaji kwamba unataka la kupanda mlima. Mwambie la safari tu, maana akisikia mlima anakuona una hela za kitalii.