Kumpeleka mama kwenye matembezi ya taa Blenheim: nenda, ila chukua muda wa kwanza wa kuingia

Dada, umeuliza kama inafaa kumpeleka mama kwenye yale matembezi ya taa ya Desemba pale Blenheim, lile kasri kubwa la Oxfordshire, Uingereza, ambapo usiku unatembea kwenye bustani zilizopambwa taa, maana anatoka Tanga, anaumwa magoti, baridi hajaizoea, na kuna ndugu wamekwambia taa ni taa tu hata Dar zipo. Mimi nimeenda na mama mkwe wangu, ni mtu wa makamo hayohayo, na watoto, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Mpeleke. Ila tiketi zina muda wa kuingia, usichukue muda wowote tu utakaoukuta wazi, chukua ule wa kwanza kabisa jioni na iwe katikati ya wiki, wikendi waachie wengine.

Sababu ni hii. Katikati ya Desemba kule Oxfordshire jua linazama saa kumi kasoro hivi za jioni, na mwanga haukatiki ghafla kama kwetu, unafifia polepole. Ukiingia wa mwanzo mwanzo mama anaanza kwa kuiona ile nyumba yenyewe na ziwa na daraja kwenye mwanga wa mwisho, anajua yuko wapi, halafu giza linashuka huku mnatembea na taa zinazidi kung'aa hatua kwa hatua. Wanaoingia saa mbili usiku wanaziona taa vizuri lakini hawajui zimewekwa wapi, ingekuwa hata uwanja wa mpira wasingejua tofauti. Na kwa sisi waislamu inakaa vizuri sana, sisi tuliswali Maghrib pembeni ya gari ndo tukaenda getini, tukatoka bado mapema watoto hawajaanza kusinzia.

Hao wanaosema taa ni taa tu nadhani hawajawahi kwenda. Kinachofanya pale papendeze ni miti na maji. Baridi ikiingia miti mingi ya huku inapukutisha majani yote, kwa hiyo taa ikiwekwa chini kwenye shina inapanda mpaka kwenye kijitawi cha mwisho, unaona mti mzima ulivyoumbika, kitu ambacho kiangazi cha huku huwezi kukiona kwa sababu ya majani. Mama mkwe alisimama chini ya mti mmoja mkubwa akasema kumbe huku miti yote ni mibuyu, na kweli, ni vile mbuyu unavyobaki uchi wakati wa ukame. Alikaa pale muda mrefu kuliko kwenye lile handaki la taa ambalo kila mtu anapanga foleni kupiga picha. Halafu kuna maji, usiku usio na upepo ziwa linatulia na taa unaziona mara mbili, za juu na za chini, hapo msiwe na haraka kabisa.

Na mwambie mama historia kabla hamjafika, wazee wetu wanapenda kujua mwenye nyumba ni nani. Malkia Anne alimpa jenerali John Churchill, Duke wa kwanza wa Marlborough, eneo lile baada ya kuwashinda Wafaransa mwaka 1704 kwenye kijiji cha Blenheim huko Ujerumani karibu na mto Danube, jina limetoka huko, ujenzi ukaanza 1705. Winston Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza wa wakati wa vita vya pili vya dunia, alizaliwa humo 1874, na akaja kumposa Clementine, aliyekuwa mke wake, kwenye bustani hizohizo mwaka 1908. Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha ziwa. Daraja kubwa lilijengwa kwanza, lina vyumba ndani yake, na chini kilikuwa kinapita kijito tu cha Glyme. Miaka ya 1760 akaletwa fundi wa bustani anaitwa Capability Brown, akakizuia kile kijito mpaka likatokea ziwa, maji yakapanda yakameza vyumba vya chini vya daraja. Watoto wangu walipoambiwa kuna vyumba vimezama mle kwenye maji hawakutaka tena kuondoka.

Sasa magoti ya mama. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa mzee, njia nyingi ni ngumu chini lakini kuna miteremko na mvua ikinyesha pembeni panakuwa tope. Njia yenyewe wanaibadilisha mwaka hadi mwaka, kwa hiyo waandikie mapema uulize kuhusu kiti cha magurudumu, na uulize kama anayemsindikiza mlemavu analipa, sehemu nyingi Uingereza halipi. Baridi inaanzia miguuni dada, koti zuri peke yake halisaidii, soksi mbili, buti zenye soli nene zisizombana, glavu, kofia iliyoziba masikio, na kanga ajifunge kiunoni ndani ya koti, amini nakwambia inasaidia. Chai ya tangawizi ibebe kwenye chupa kwa ajili ya kwenye gari.

Vyakula vya ndani bei iko juu. Na kwa sisi waislamu, kuwa makini na vitu viwili, ile divai ya moto yenye viungo inanukia karafuu na mdalasini kabisa mtu akadhani ni chai ya maziwa ya nyumbani, ni pombe ile, na zile mashimelo (marshmallow, peremende laini) watoto wanazochoma motoni kwenye vijiti nyingi zina jelatini ya nguruwe. Mimi nawabebea watoto za halali kutoka dukani nyumbani, wanachoma na wenzao, hakuna anayebaki analia.

Gari kama unalo lipia paking kabla hujatoka nyumbani. Kuna jumba jingine la kitajiri lenye taa kama hizi, silitaji jina, tulikwama kwenye foleni ya magari mpaka muda wetu wa kuingia ukapita, getini walituruhusu lakini mzee alishachoka, iliniuma sana. Kama huna gari mabasi ya kutoka Oxford kwenda Woodstock yapo, kama nusu saa, ila angalia la kurudi ni saa ngapi. Na kama mko London na safari inakuwa ndefu kwa mama, Kew Gardens, ile bustani kubwa ya mimea ya hukohuko London, nako wana taa kila msimu tangu 2013, treni ya chini ya ardhi ya District inakushusha karibu na njia zake ni tambarare zaidi, kwa magoti mabaya sana ningechagua Kew bila kusita.

Tiketi usisubiri mama atue, zinaanza kuuzwa miezi mingi kabla na muda wa kwanza wa jioni ndio unaowahi kuisha kwa sababu wenye watoto wote wanaukimbilia. Mvua haiwazuii kufungua, upepo mkali ndio unafunga kwa ajili ya miti, kwa hiyo soma masharti yao ya kubadilisha siku kabla hujalipa, na mpe mama siku kadhaa za kupumzika na kuzoea baridi kwanza, usimpeleke kesho yake tu baada ya ndege.