Ukienda Berlin kujifunza Maangamizi ya Wayahudi, usikubali ratiba ya siku moja

Mdogo wangu anasoma Ujerumani, mwaka wa kwanza, na wiki iliyopita alinitumia ratiba ya ziara ya darasa lao. Asubuhi Wannsee, mchana stesheni ya Grunewald, alasiri kambi ya Sachsenhausen, jioni mnara wa kumbukumbu katikati ya jiji. Siku moja! Nilimpigia simu hapohapo, maana ratiba hiyohiyo ndiyo tuliyoburuzwa nayo sisi nilipokuwa mwanafunzi kule.

Ilipofika saa kumi jioni tulikuwa hoi. Tumesimama Sachsenhausen, mahali walipofungwa watu zaidi ya 200,000 kati ya 1936 na 1945, na mimi nawaza soksi zangu zilizolowa. Wenzangu wawili wanabishana wapi pa kula kebabu. Hatukuwa na roho mbaya, tulikuwa tumechoka tu. Mwaka uliofuata nilisaidia kuandaa ziara ya kundi jingine, tukaitandaza kwa siku tatu, na ndipo nilipoona yale niliyoyapita mbio.

Anzeni Wannsee. Najua kila mtu anataka kambi kwanza, kwa kuwa ndiyo anayoijua kwenye filamu. Wannsee ni jumba la kitajiri kando ya ziwa, lina bustani safi kabisa. Tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 wa serikali ya Wanazi, chama chao na SS, kikosi chao cha ulinzi na mateso, walikaa humo kama saa moja na nusu chini ya uenyekiti wa Reinhard Heydrich, mkuu wa polisi ya usalama. Mauaji yalikwisha kuanza muda mrefu huko mashariki, kwa risasi. Kikao hiki kilikuwa cha kupanga nani atafanya nini ili Wayahudi wa Ulaya nzima wafikiwe. Muhtasari aliuandaa Adolf Eichmann, ofisa wa SS, na nakala yake moja ilipatikana baada ya vita.

Mwombeni anayewaongoza awape muda kwenye ukurasa wenye orodha ya nchi na idadi ya Wayahudi waliolengwa katika kila moja. Albania, 200. Uingereza, 330,000, nchi ambayo hawakuwa hata wameiteka. Jumla, zaidi ya milioni 11. Mimi ni mtoto wa karani wa halmashauri, nimekua naona majedwali ya namna ile mezani kwa baba, ya mbolea na madawati. Lile jedwali lilinikaba koo kuliko chochote nilichokuja kukiona kambini.

Kutoka hapo mnapanda treni ya S7, mnashuka Grunewald, kwenye njia namba 17. Kando ya jukwaa vimelazwa vipande 186 vya chuma, kila kimoja na tarehe, idadi ya Wayahudi waliosafirishwa kutoka Berlin, na walikopelekwa. Cha mwanzo ni cha Oktoba 1941, watu zaidi ya elfu moja, kwenda Łódź, Poland. Endeleeni hadi mwisho msome cha tarehe 27 Machi 1945: watu 18, kwenda geto la Theresienstadt, katika nchi ya Wacheki. Vita vimebakiza wiki sita kwisha, na bado kuna mtu anatafuta behewa la kuwapakia watu 18. Hapo tembeeni mmojammoja, bila maelezo.

Ni hapo pia mhadhiri wetu alipomgeukia mwenzetu kutoka Kigali, mbele ya kundi zima, akamuuliza yeye analionaje jambo hili. Kijana alinyamaza, akaenda kusimama mbali. Jioni aliniambia, "Nimekuja kusoma, sikuja kuwa mfano." Viongozi wa safari, tafadhali, mtu akitaka kuzungumzia ya kwao atazungumza mwenyewe. Na baada ya matembezi msiwaweke watu kwenye duara wasimulie hisia zao. Wapeni chai na nusu saa ya kukaa kimya.

Sachsenhausen iwekeeni siku yake. Ni S1 hadi mwisho, Oranienburg, kisha mwendo wa miguu wa kama dakika ishirini. Hakuna kiingilio. Uwanja ni mpana na upepo wake haukusikilizi hata uwe na koti gani, kwa hiyo vaeni tabaka juu ya tabaka, mle kabla ya kuingia. Picha za kujipiga mbele ya geti lenye maneno "Arbeit macht frei" (kazi huleta uhuru) zikatazeni mapema, mkiwa bado kwenye treni. Halafu someni kabla ya kwenda, msije mkachanganya mambo: hii haikuwa kama Treblinka au Birkenau, kambi zilizokuwa na vyumba vya gesi vya kuua Wayahudi kwa malaki. Hapa walifungwa wapinzani wa kisiasa, wafungwa wa kivita wa Kisovieti, Wayahudi, wengi tu. Baada ya ghasia za Novemba 1938, Wanazi walipowashambulia Wayahudi nchi nzima, Wayahudi wapatao 6,000 waliletwa humu kwa mkupuo.

Shangazi aliwahi kuniuliza, "Huko kwenye makaburi ya watu unatafuta nini?" Nilimjibu kwa jina la mtu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akalitumikia jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki angali mtoto, akafika Berlin mwaka 1929. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, zikiwemo za kusifia ukoloni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa la "kuchafua damu" kama walivyoliita, akapelekwa Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Yeye hakuwa Myahudi, na habari yake isitumike kuifunika ya Wayahudi milioni sita. Lakini Mswahili anayeuliza yanamhusu nini, nampeleka Brunnenstraße 193, Berlin.

Pale njiani, mbele ya mlango, kuna kijiwe cha kumbukumbu cha shaba ya manjano chenye jina lake, kidogo kama kiganja. Tulipokwenda kilikuwa kimefifia kwa matope ya viatu. Chukueni kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, inauzwa dukani kwa bei ndogo. Watu wa mtaani wamezoea, watawapisha tu. Kazi yenyewe haizidi dakika tano.