Mzee anaanguka mara kwa mara: pimeni presha akiwa amesimama

Ndugu uliyeuliza kuhusu baba yako wa miaka 78, aliyeanguka mara mbili mwezi huu akielekea msalani alfajiri, ukaambiwa "ni uzee tu": usikubali jibu hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wengi wao ni wa miaka 60 kwenda juu. Kila anayeanguka ana sababu, mara nyingi mbili au tatu kwa pamoja, na nyingi zinarekebishika.

Kwa maelezo yako, ningeanza na presha inayoshuka mtu anaposimama. Alale chali dakika 5, mpimeni. Asimame, mtu akiwa ubavuni mwake, mpimeni tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo lipo. Wengi hupimwa wakiwa wameketi tu: mashine inasoma 130 kwa 80, watu wanaridhika, kumbe akisimama ni 105. Mkono nao uegemezwe usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda kwa uongo na mnaikosa shida yenyewe.

Kisha kusanyeni dawa zake zote, hata alizonunua bila cheti, mzipeleke kwa daktari pamoja na vipimo hivyo. Za kushuku kwanza ni za usingizi, za kukojosha na baadhi ya zile za tezi dume. Msizikatishe wenyewe, baadhi ya dawa za usingizi zikiachwa ghafla huleta degedege.

Kwa sasa, akiamka aketi ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, akipandisha na kushusha nyayo, ndipo asimame. Taa iwe mahali anapoifikia kabla ya kuinuka.

Fimbo mliyomnunulia huenda ni ndefu mno. Avae viatu, asimame wima mikono ikishuka: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aishike upande wa mguu wenye nguvu, siyo ule mbovu. Mpira wa chini ukilainika, ubadilishwe.

Kutembea tu hakutoshi kumrudishia uthabiti. Ainuke kitini bila kusukuma kwa mikono, mara 5 hadi 10, kila siku. Halafu asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10, meza imara ikiwa mbele yake. Asiyeweza kuinuka hata mara moja aanze na kiti kirefu zaidi.

Na akianguka tena akagonga kichwa huku anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama anazungumza vizuri. Damu inaweza kuvuja ndani polepole, dalili zikaja baadaye.