Jibu: pombe nyingi na alama za DNA
Mkuu umeuliza kama pombe nyingi inaharibu DNA na kama ukiacha inarudi, mi nitajibu upande wa methilesheni, yaani kubandikwa kwa vialama juu ya DNA, maana ndo wengi wanauchanganya. Kwenye methilesheni herufi za DNA zinabaki vilevile, kinachobadilika ni vialama vidogo vinavyobandikwa juu yake, kaboni moja na haidrojeni tatu tu, kwenye herufi C, na vikijaa mwanzoni mwa jeni mara nyingi hiyo jeni inazimwa.

Sasa pombe inaingiaje hapo? Hivyo vialama mwili unavitoa kwenye kitu kinaitwa SAM, kinachotengenezwa zaidi kwenye ini kwa msaada wa vitamini za foleti na B12. Mtu anayekunywa sana utumbo wake unafyonza foleti kidogo, nyingine inatoka na mkojo, halafu asetaldehaidi, ile sumu ambayo pombe inageuka kuwa ikifika kwenye ini, inakibana kimeng'enya kinachounda methionini, ambayo ndo inageuzwa kuwa SAM, basi malighafi ya vialama inakata.

Utafiti mmoja wa 2018, damu ya watu zaidi ya 13,000, ulitoa sehemu 144 za DNA ambazo alama zake zinaonyesha mtu anakunywa kiasi gani. Walioacha, sehemu nyingi zinaonekana kurudi taratibu, sio zote, kwa hiyo kuacha kuna faida kweli kabisa. Ila tafadhali sana, kama ni kila siku na mikono inatetemeka asubuhi kabla hujanywa, usikate ghafla peke yako, degedege la kuacha pombe linaua, muone daktari kwanza.